Shemasi Anaomba Bastola



Jumatano moja baada ya somo la Biblia, shemasi wetu mmoja alinisubiri nje, pale kwenye tangi la maji. Mvua ilikuwa inanyunya na watu walikuwa wanakimbilia matatu. Akaniambia, "Mzee, nimeamua kuomba leseni ya bastola. Nadhani barua ya kanisa itanisaidia, ya kusema mnanijua na mwenendo wangu ni mzuri. Wewe ndiye katibu wa wazee, kwa hivyo sahihi itakuwa yako."

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Wengi wenu mnajua yaliyompata. Ana duka la jumla na M-Pesa huku kwetu Nakuru. Usiku mmoja akifunga, vijana wanne waliingia, mmoja na bunduki, wengine na mapanga. Walichukua pesa na simu, wakamkata bega kijana wake wa dukani, na mmoja akamwambia akitoka, "Tutarudi." Akapiga simu kituo fulani, akaambiwa gari halina mafuta. Polisi walifika asubuhi wakaandika maelezo. Kijana alishonwa, akapona, akarudi kwao kijijini, na hataki kusikia habari ya duka tena.

Nilimwomba ndugu anipe wiki tatu. Pasta aliposikia akaniambia, "Andika, kwa maana swali hili si lake peke yake." Basi naandika. Lakini kama unatafuta ndiyo au hapana ya haraka, mpendwa, ruka kurasa hizi usome matangazo ya kesha. Mimi nina mioyo miwili juu ya jambo hili, na sioni haya kusema hivyo.

Tuanze na serikali, kwa sababu nasikia vijana wetu wakiongea juu ya bunduki kama Wamarekani wa kwenye simu. Wenzetu kule walijiandikia haki ya raia kushika silaha katika katiba yao tangu 1791. Sisi hatuna kitu kama hicho. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 26, inalinda uhai wa kila mtu. Silaha ni habari ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na huko bunduki ni ruhusa tu. Unaomba, unachunguzwa, unaweza kukataliwa, na hata ukipewa unaweza kunyang'anywa. Mwezi wa Desemba 2018 serikali iliwaagiza wote wenye leseni warudi kukaguliwa upya. Mwenye haki haitwi kukaguliwa namna hiyo. Mwenye ruhusa ndiye anaitwa.

Na kujitetea je? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 17, inakubali mtu kutumia nguvu kujilinda yeye au mali yake, lakini inampeleka kwa kanuni za zamani za sheria ya Uingereza. Kwa lugha ya kwetu: nguvu yako ilingane na hatari iliyokuwa mbele yako. Mtu amekuibia kuku, huwezi kumpiga risasi mgongoni akikimbia halafu useme ulikuwa unajitetea.

Sasa fungua Kutoka 22. Ni mistari miwili tu, wa pili na wa tatu, na nimehubiri miaka mingi bila kuigusa. Musa anasema mwizi akikutwa akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Nilipofika hapo nikasema, haya, shemasi ameshinda. Lakini sentensi inayofuata inageuza jambo. Kama jua limekwisha kumchomozea yule mwizi, basi aliyempiga ana hatia ya damu.

Nilikaa na hilo jua siku kadhaa. Nyumba ni ile ile, mwizi ni yule yule, mbuzi ni yule yule. Kitu gani kimebadilika? Nuru. Usiku hujui amekuja kuchukua mbuzi au kuchukua roho yako. Huoni ameshika nini. Huwezi kumtambua ukamshtaki kesho. Mchana unamwona. Unaweza kupiga kelele majirani wakaja, unaweza kusema huyu ni mtoto wa fulani. Kwa hivyo Torati haimuulizi mwenye nyumba, "Hii mali ilikuwa ya nani?" Inamuuliza, "Uliona kiasi gani?"

Na angalia jambo la pili lililo ndani yake. Hata mwizi ana damu inayodaiwa. Mimi nimeona katika mji huu, saa sita mchana, jua la utosi, kijana amevishwa tairi kwa sababu ya simu, na watu wa Mungu wamesimama kando na Biblia zao kwapani wakitoka kanisani. Hiyo tunaiita haki ya wananchi. Musa aliiita damu.

Kuna kesi ambayo imekaa katika akili yangu tangu nianze kufikiri haya, kwa sababu ilitokea hapa kwetu. Ukitoka Nakuru kwenda Gilgil, upande wa Ziwa Elmenteita, unapita shamba la Soysambu, ardhi ya familia ya Delamere tangu wakati wa wakoloni. Mwezi wa Aprili 2005, Tom Cholmondeley, mwana wa Lord Delamere, alimpiga risasi akamuua Samson ole Sisina, askari wa Shirika la Wanyamapori. Askari huyo na wenzake walikuwa wamefika shambani wakichunguza biashara ya nyama ya porini, na walikuwa wamevaa nguo za raia. Mwenye shamba alisema alidhani ni majambazi. Mkuu wa Sheria aliiondoa kesi hiyo kortini, na mtakumbuka jinsi watu walivyoandamana, hasa ndugu zetu Wamaasai.

Mwaka mmoja tu baadaye, Mei 2006, katika shamba lile lile, mtu yule yule alifyatua risasi tena na Robert Njoya akafa. Njoya alikuwa fundi wa kuchonga mawe, aliingia shambani na wenzake na mbwa kuwinda. Mara hii kesi ilifika mwisho. Mshtakiwa alisema alikuwa akilenga mbwa. Mei 2009 Mahakama Kuu ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane juu ya miaka mitatu aliyokuwa amekaa Kamiti akingoja. Alifariki 2016. Wote watatu wako mbele za Mungu sasa, na mimi siandiki haya nikae kiti cha hakimu.

Ninachouliza ni hili. Tuseme ni kweli kabisa, kwamba siku ile ya kwanza yule bwana aliona majambazi. Kulikuwa na ujambazi katika mashamba yale, hakuutunga. Hofu yake ilikuwa na sababu. Na bado mtu aliyekuwa mbele ya mtutu alikuwa mtumishi wa serikali aliyekuwa kazini, baba wa watu. Kumbe kuna giza lisilotokana na jua kuzama. Mtu aliyevamiwa mara moja hubeba usiku wake ndani, akitembea nao hata mchana. Shemasi wangu aliniambia mwenyewe kwamba siku hizi kila kijana mwenye kofia akiingia dukani, mkono wake unatetemeka. Nikajiuliza, huo mkono unaotetemeka, ndio tunataka kuutia bastola?

Hapo unaweza kufikiri nimeshaamua. La.

Kwa maana kuna upande wa pili, na ukiukataa utakuwa unadanganya wazee wetu. Soma 1 Samweli 13 kuanzia mstari wa 19. Wafilisti walihakikisha hakuna mhunzi katika nchi yote ya Israeli, wasije Waebrania wakajitengenezea panga au mkuki. Mwisraeli akitaka kunoa jembe lake ilimbidi ashuke kwa Mfilisti na alipe. Siku ya vita, ni Sauli na Yonathani peke yao waliokuwa na silaha. Hiyo ni sheria ya silaha, mpendwa, na haikuwekwa kwa ajili ya amani. Ilikuwa ya kumweka mtu chini.

Babu zetu katika Bonde hili waliijua sheria hiyo. Mlowezi alikuwa na bunduki ukutani na bastola kiunoni. Wakati wa hali ya hatari, Mwafrika akipatikana na silaha, hata risasi tu, angeweza kunyongwa. Dedan Kimathi hakuhukumiwa kwa kuua mtu. Alihukumiwa Nyeri, Novemba 1956, kwa kupatikana na bastola na risasi bila ruhusa, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba serikali kushika bunduki peke yake ni jambo la haki siku zote, namwambia polepole, inategemea ni serikali gani, na anayelindwa ni nani.

Hata leo, leseni inapatikana kwa nani? Si kwa mama anayeuza mboga, anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda soko la Wakulima. Yeye ana Zaburi na miguu yake tu.

Shemeji yangu anaishi Baringo kusini, upande wa Arabal. Alikuwa polisi wa akiba, wale walioitwa KPR, akilinda kijiji bila mshahara, na bunduki ya serikali. Mwaka wa 2019 serikali iliwanyang'anya watu wa akiba bunduki huko kaskazini mwa Bonde, ikisema nyingine zinatumiwa vibaya. Sitakataa, nyingine zilitumiwa vibaya. Lakini shemeji alinipigia simu usiku ule akasema neno moja, "Walichukua yangu, hawakuchukua yao." Alimaanisha majambazi wa mifugo. Baadaye mbuzi wake walikwenda wote, na jirani yake akazikwa. Kufikia Februari 2023 hali ilikuwa mbaya hadi serikali ikatuma jeshi, ikatangaza sehemu za kaunti sita kuwa za hatari: Baringo, Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, Laikipia na Elgeyo Marakwet. Kisha ikaanza tena kuwaandika watu wa akiba. Sasa mimi niende Arabal na suti yangu nimhubirie shemeji habari ya shavu la pili? Nitaanzia wapi?

Na Warumi 13, tunayoipenda sana, inasema mtawala habebi upanga bure. Sawa kabisa. Lakini mtawala ambaye gari lake halina mafuta, upanga wake unabebwa na nani usiku huo?

Tena nimkumbuke Abdul Haji. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoingia Westgate, Nairobi, wakaua watu 67, ndugu yake alikuwa ndani. Yeye akiwa raia mwenye bastola ya leseni aliingia pamoja na wengine wachache, wakatoa watu. Ile picha ya mtoto wa kike akikimbia kumwelekea ilizunguka dunia nzima. Ni Mwislamu, na siku ile alikuwa Msamaria mwema mwenye bastola. Nikiulizwa kama alitenda dhambi, nitasema hapana bila kusita.

Nilipomsimulia shemasi hayo alifurahi, akaongeza ya kwake. Akanionyesha kwenye simu kanisa moja huko Texas, mji wa White Settlement, Desemba 2019. Mtu alisimama katikati ya ibada akaua wawili, na kabla ya kumaliza sekunde kumi mlinzi wa kujitolea wa kanisa akamwangusha. "Unaona, Mzee?" Niliona. Niliona pia kwamba wale wawili walikufa hata hivyo. Lakini sina ubishi, bila yule mlinzi wangekufa wengi.

Kwetu hapa swali la makanisa si geni. Julai 2012 makanisa mawili yalishambuliwa Garissa siku moja, watu 17 wakafa. Mwaka wa 2013, baada ya watumishi kuuawa, wachungaji wa Mombasa waliomba serikali iwape bunduki za AK-47 walinde makanisa yao. Wengine walicheka wakisoma gazetini. Machi 2014 watu wenye bunduki wakaingia kanisa la Joy in Jesus kule Likoni wakati wa ibada ya Jumapili, na hakuna aliyecheka tena. Hao wachungaji hawakuwa watu wa vita. Walikuwa wamechoka kuzika.

Lakini Garissa ile ile, baada ya yale mauaji, viongozi wa Waislamu walikubali vijana wao wasimame kulinda makanisa. Na Desemba 2015, basi liliposimamishwa karibu na Mandera na magaidi wakataka Wakristo watengwe, abiria Waislamu walikataa kutengana nao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa ajili hiyo, akafa Januari iliyofuata. Hakuwa na hata kisu. Nikiweka Haji upande mmoja na Farah upande mwingine, siwezi kuchagua nani alikuwa jasiri zaidi. Najua tu kwamba hatujawahi kuomba vijana wa msikiti ulio karibu nasi watusaidie kulinda kesha, na wao hawajatuomba sisi. Hilo tumeliruka, tukaenda moja kwa moja kwa bastola.

Nimefika mahali nilipokuwa nakwepa.

Wengi mmesikia ushuhuda wangu wa Januari 2008. Nimeutoa mara nyingi hapa madhabahuni. Kwa wageni: baada ya uchaguzi wa 2007 nchi ilichafuka. Tarehe mosi Januari kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, kanisa la Kipentekoste kama letu, lilichomwa moto na watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Mwishoni mwa mwezi moto ukafika Nakuru, kisha Naivasha. Mishale, mapanga, petroli. Tume ya Waki ilihesabu baadaye nchi nzima watu 1,133 waliokufa. Serikali ikatangaza kafyu hapa mjini, lakini kafyu haikuwa na macho mitaani kwetu. Akina mama na watoto walilala ndani ya ua la kanisa, sisi wanaume tukaweka mawe barabarani tukasimama. Nilikuwa nimeokoka miaka sita, nikiwa msimamizi wa mlangoni. Nilishika panga langu la kukatia majani ya ng'ombe.

Usiku wa kwanza na wa pili watu walikuja na mienge, wakatuona, wakarudi. Hilo ni kweli, na nasema tena ni kweli. Watoto waliolala ndani sasa ni watu wazima, wawili wako kwaya. Kama tungekuwa tumekaa ndani tukiimba tu, sijui. Kiambaa nao walikuwa wamekimbilia kanisani.

Usiku wa tatu alikuja mtu mmoja. Alikuwa amebeba godoro dogo kichwani. Mmoja wetu akamsalimia kwa lugha, naye akajibu, na matamshi yake hayakuwa yetu. Basi. Hakuna kingine alichofanya. Wakamwangukia.

Katika ushuhuda wangu huwa nasema, "Mungu aliuzuia mkono wangu, sikumgusa." Na mnasema amina. Ni kweli sikumgusa. Ambalo sijawahi kusema ni kwamba yule mtu alipoanza kupigwa aligeuka atafute njia ya kutokea, na aliponiona na panga langu akarudi nyuma kwa wale waliokuwa wakimpiga. Panga langu lilikuwa ukuta. Tena nilisogea nusu hatua, nikawapa nafasi. Gari la jeshi likasikika, tukatawanyika. Asubuhi godoro lilikuwa pale pale barabarani, yeye hayupo. Sijui kama aliishi. Nimekaa na nusu hatua hiyo miaka yote hii, na sikuwahi kuitia katika ushuhuda kwa sababu inaharibu ushuhuda.

Panga lile lile, wiki ile ile. Siku mbili liliokoa watoto, siku ya tatu likasaidia kuua. Halikubadilika chuma chake. Na mimi nilikuwa nimeokoka siku zote tatu.

Ndiyo maana siwezi kumwambia shemasi, "Wewe ni mtu mzuri, bastola ikiwa kwako haina neno." Nilikuwa mtu mzuri. Na panga angalau linakuchelewesha. Ni lazima uinue mkono, ni lazima umkaribie mtu hadi usikie pumzi yake. Bastola inamaliza habari katika muda wa kupiga chafya.

Kwa hivyo nimerudi tena kwa Petro pale bustanini. Tunapenda kuuliza kwa nini Bwana alimwambia arudishe upanga alani. Mimi sasa nauliza ulitoka wapi. Petro ni mvuvi. Luka 22 inasema walikuwa na panga mbili, na Bwana akasema yatosha, na wasomi wamebishana juu ya neno hilo hadi leo. Basi Petro alikwenda kwenye maombi nao kiunoni. Bwana akawaambia kesheni, yeye akalala. Aliyelala wakati wa maombi ndiye aliyeamka na upanga. Akiwa na usingizi machoni, gizani, kwa mwanga wa mienge ya adui, akalenga kichwa akapata sikio la mtumwa. Yohana anatuambia jina la mtumwa, Malko, na ni vizuri tujue, kwa sababu wale tunaowapiga gizani huwa hawana majina. Hakuwa kuhani mkuu. Hakuwa Yuda. Alikuwa mtu wa kazi ya usiku, ametumwa. Na muujiza wa mwisho wa Bwana kabla ya msalaba ulikuwa kutibu kidonda kilichofanywa na mtu wake mwenyewe.

Na Nehemia? Shemasi alinikumbusha, mkono mmoja unajenga, mkono mmoja una silaha. Ndiyo, sura ya 4. Lakini Nehemia alikuwa na barua ya mfalme, aliwapanga watu hadharani kwa jamaa zao, na kulikuwa na tarumbeta, likilia wote wanakusanyika. Kila mtu alijua nani ameshika nini. Huo ni ulinzi wa mji mzima. Ni tofauti na mtu mmoja na siri yake chini ya koti.

Nilipomweleza mke wangu yote haya, ambaye hupenda kusikiliza akichambua mchele, aliniuliza kitu kimoja. "Umemuuliza mke wake?" Sikuwa nimemuuliza. Akaniangalia vile Abigaili lazima alimwangalia Nabali.

Tukaenda kwao Jumamosi jioni, tukanywa chai. Mke wa shemasi hakuzunguka. Akasema, "Baba, mimi silali tangu ile siku. Sasa sijui, nitaamka usiku niende msalani na yeye ameshtuka, atajua ni mimi?" Shemasi akatazama chini. Mtoto wao wa miaka minne alikuwa anapanda kabati la vyombo kutafuta biskuti, na sisi wote wanne tukawa tunamtazama bila kusema neno.

Barua niliiandika Jumatatu. Sikuweza kukataa kushuhudia ukweli kwa sababu ya kutopenda utakapotumika. Niliandika kwamba namjua kwa miaka 11, hanywi, hajawahi kushtakiwa, ni mwaminifu wa pesa. Niliongeza kwamba amevamiwa miezi michache iliyopita na bado hajapona hofu. Nikamsomea kabla ya kutia sahihi. Aliuliza kama ile sentensi ya mwisho ni lazima. Nikamwambia ndiyo. Wazee nao wamekubaliana kwamba leseni au hakuna leseni, silaha haiingii ndani ya kanisa letu, na kwamba katika kesha la mwezi huu vijana watasimama nje wawili wawili wakiwa na tochi na filimbi. Pasta amekwenda kumwona imamu. Sijui watakubaliana nini.

Shemasi aliichukua barua, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye Biblia yake. Hajaniambia kama ameipeleka. Jumatano iliyopita alikuja somoni, akakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na kila mlango ulipofunguliwa aligeuka. Nilitaka kwenda kukaa naye, lakini nilikuwa ninafundisha.

Nikamwomba kijana mmoja wa kwaya asogee akakae hapo, upande wa mlango, kati yake na watu wanaoingia.